Uliza Fundi: Oili nzito haiponyi beringi

Barua za mwezi huu zimenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Zimenifurahisha kwa sababu zinaonyesha Kanda ya Ziwa ina magari mengi ya spoti ya zamani, na wenyewe wanayapenda kwa dhati. Wasiwasi wangu ni kwamba karibu wote mnauliza namba ya oili kabla ya kuuliza injini ina hali gani. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana mwenye gari hilo hana muda wa kupoteza.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, injini ya 3S-GE, gia za mkono. Asubuhi nikitoka nalo Nyegezi liko kimya kabisa. Nikifika Kisesa injini imeshapata moto, nikipiga resi mpaka 3,000 halafu nikaachia mafuta, nasikia "ko-ko-ko" kutoka chini. Fundi wangu alimwaga oili ya 5W-30 iliyokuwemo, akaweka 20W-50 pamoja na dawa ya chupa ya kuongeza uzito. Sauti imepungua sana. Rafiki yangu anasema nimejidanganya. Nani mkweli? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako ndiye mkweli. Nakuomba uliegeshe gari hilo leo hii. Usiende nalo Kisesa tena, hata kama liko kimya.

Sauti nzito ya chini, inayokuja injini ikiwa ya moto na kusikika zaidi pale unapoachia mafuta, mara nyingi ni beringi ya konrodi, yaani ganda la chuma linalokaa kati ya konrodi (mkono wa pistoni) na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Tapeti, vile vyuma vidogo vya kusukuma vali, sauti yake ni nyepesi, hutokea juu, na mapigo yake ni nusu ya mwendo wa krenki kwa kuwa kamshafti, shafti inayofungua vali, huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Wewe umesema "kutoka chini", na nakuamini sikio lako.

Sasa kwa nini imenyamaza? Krenki haitakiwi kugusana na beringi zake hata kidogo. Kati yao kuna nafasi ambayo kwa injini za ukubwa huu ni takriban milimita 0.03 hadi 0.06. Karatasi ya ofisini ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo hapo ni nusu ya karatasi, na ndani yake hakuna kingine ila oili. Wengi hudhani presha ya pampu ndiyo inayoibeba krenki. Sivyo. Pampu kazi yake ni kufikisha oili pale. Kinachobeba ni mzunguko wenyewe. Nenda Mwaloni Kirumba utazame mtumbwi wa injini ukiondoka: ukienda taratibu umelala ndani ya maji, ukiongezewa mwendo pua inainuka na mtumbwi unapanda juu ya maji. Krenki nayo huivuta oili chini yake ikapanda juu yake. Ndiyo maana kupandisha mlima kwa gia kubwa na mizunguko midogo huumiza beringi: mzigo ni mkubwa na krenki haina mwendo wa kutosha wa kupanda.

Altezza yako inatoa nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kila pistoni inageuza mwelekeo zaidi ya mara 250 kwa sekunde moja, na kila ikigeuka kule juu inaivuta konrodi kana kwamba inataka kuchomoka. Beringi ina nusu mbili. Nusu ya juu hupokea kishindo cha mafuta yanapolipuka, nusu ya chini, ile iliyo kwenye kifuniko, hupokea mvuto huo wa pistoni kwenye resi kubwa. Beringi ikilika, nafasi inapanuka, oili inavujia pembeni haraka kuliko inavyoingia, na krenki inashuka mpaka inagonga chuma. Ukiweka oili nzito kama hiyo 20W-50, inavuja polepole zaidi na inakuwa godoro la kupunguza kishindo. Lakini ile ngozi laini ya juu ya beringi iliyokwisha kulika haijarudi. Zile dawa za chupa nyingi ni za kuongeza uzito tu, hazina cha kujenga chuma. Na oili nzito kupita kiasi ina hatari yake asubuhi: inapita kwa shida kwenye filta, presha inapanda, vali ya filta inafunguka, na oili inapita pembeni bila kuchujwa. Uchafu wa beringi iliyolika unakwenda kuzila nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufuate mpangilio huu. Kwanza mwambie fundi afungue swichi ya oili na kufunga geji ya mkono mahali pake. Taa ya dashibodi haitoshi kabisa. Ikiwaka, presha imeshakaribia sifuri. Injini ikiwa ya moto kweli, kanuni ya zamani ambayo bado naitumia ni angalau presha 10 za geji ya paundi kwa kila mizunguko 1,000. Kwenye 3,000 ukiona iko chini ya 30, na oili ni nzito namna hiyo, jibu umelipata. Kisha achomoe soketi ya injekta moja baada ya nyingine, kwa muda mfupi tu. Silinda ambayo ukiizima sauti inafifia, hiyo ndiyo yenye beringi mbovu.

Halafu kata filta. Hapa nataka uwe makini, maana mafundi wengi wanaifungua kwa msumeno wa chuma, na unga wa msumeno unaingia kwenye karatasi ya filta, wanaishia kuona chuma ambacho wamekitengeneza wenyewe. Tumia mkasi wa bati au kikata kopo. Toa ile karatasi iliyokunjwakunjwa, ikamue kwenye jiliwa mpaka oili itoke, itandaze juani. Ukiigeuza taratibu kwenye mwanga utaona kama kuna vimeta. Vya rangi ya dhahabu ni shaba ya tabaka la kati la beringi. Vya rangi ya fedha vyaweza kuwa aluminiamu, maana beringi nyingine ni za aluminiamu na bati. Vikusanye kwenye sahani nyeupe, pitisha sumaku chini yake. Vikifuata sumaku ni chuma, yaani ni krenki au kitu kingine. Visipofuata, yaelekea ni beringi. Kimeta kimoja viwili kwenye injini ya zaidi ya miaka 20 havinitishi. Karatasi inayong'aa mkunjo kwa mkunjo inanitisha.

Ikiwa hivyo, shusheni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mara nyingi beringi za konrodi hubadilishwa bila kuteremsha injini yote, na hapo ndipo pesa yako inapookolewa, kama umewahi. Ukishika beringi iliyolika mkononi utaielewa bila kuambiwa: pembeni bado ina rangi ya kijivu iliyopoa, katikati imeng'aa kama imepigwa polishi, na ikiwa imekwisha kabisa shaba inaonekana, nyekundu, imechorwa mistari inayofuata mzunguko. Pitisha ukucha kwenye krenki. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, krenki ikachongwe na ununue beringi za saizi ya kuchonga. Usipokwama, bado fundi apime kwa maikromita pande zote, kwa sababu krenki inaweza kuwa laini lakini imekuwa yai.

Toyota walipanga beringi zao za kawaida kwa namba, na namba hiyo imepigwa kwenye kifuniko cha konrodi. Kifuniko chenye 2 kinataka beringi ya 2. Duka likikuambia "zote sawa tu", toka uende duka lingine. Vifuniko visichanganywe wala kugeuzwa. Mgongo wa beringi uwe mkavu na safi, oili ipakwe upande wa krenki pekee. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa mkono uliozoea.

Ukishamaliza, rudi kwenye oili inayolingana na nafasi mpya. Kwa gari hilo, kwa joto letu na kwa mtu anayelivuta kama unavyolivuta, mimi ningeweka 5W-40 au 10W-40 ya sinthetiki. 5W-30 iliyokuwemo haikuwa kosa kwa injini nzima iliyoendeshwa kistaarabu. Kilomita 1,000 za kwanza mwaga, kata filta tena, tazama.

SWALI: Fundi, heshima yako. Mimi nina Subaru Impreza WRX ya 1998. Safari zangu ni fupi, Capri Point na katikati ya mji, ila Jumapili huwa nalipeleka barabara ya Musoma nikalinyooshe. Nasikia Subaru za turbo zinakula beringi, jamaa wakaniambia niweke 10W-60 kama wanavyoweka kwenye BMW M3. Mwingine akasema oili bora sasa ni 0W-20 kwa kuwa ndiyo mpya. Oili hupungua kidogo, naongeza taa ikiwaka kwenye kona. (Dada wa Isamilo)

JIBU: Dada yangu, kabla ya namba yoyote: hiyo taa inayowaka kwenye kona ndiyo inayoua beringi zako. Oili ikipungua, kwenye kona kali inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kunyonya linavuta hewa. Sekunde moja ya hewa kwenye resi kubwa inatosha kukwangua beringi, na ukitoka kwenye kona taa inazimika, unadhani yamekwisha. Pima oili kila unapojaza mafuta. Mwanza yetu ni miamba na miteremko, kwa hiyo tafuta pahala tambarare kweli. Ukipimia kwenye mteremko wa Capri Point kijiti kitakudanganya. Zima injini, subiri dakika tano, pima. Usiruhusu ishuke chini ya robo tatu kati ya alama mbili.

Sasa namba. Ile ya kwanza yenye W inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi, na walioitunga waliwaza theluji. Mwanza ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 15, kwa hiyo 0W, 5W au 10W zote zitapanda vizuri asubuhi. Namba ya pili inaeleza uzito kwenye nyuzi 100, na hiyo ndiyo ya kuiangalia. Kipo na kipimo kingine ambacho kwa beringi nakithamini zaidi: oili ikiwa kwenye nyuzi 150 na inasagwa kwa kasi kubwa, imebaki na uzito kiasi gani. Daraja la 20 linatakiwa kufikisha angalau 2.6 (kizio chake ni mPa·s). Daraja la 5W-40 angalau 3.5. Oili ya 0W-20 ilitengenezwa kwa injini za kisasa zenye nafasi ndogo na lengo la kupunguza matumizi ya mafuta. Ni oili nzuri, lakini si ya turbo ya 1998.

Kuhusu 10W-60: ni kweli BMW wanaitaka kwa M3 ya E46 yenye injini ya S54. Lakini kiwanda kiliichagua kwa injini ile, pampu ile, na kuzunguka mpaka 8,000. Hata hivyo M3 hizo nazo zinasifika kwa kula beringi za konrodi, kwa hiyo uzito peke yake hauwi kinga. Kwako chukua 5W-40 au 10W-40 ya sinthetiki ambayo nyuma ya dumu imeandikwa A3/B4, maana alama hiyo inadai kile kipimo cha 3.5. Kama ungekuwa unashindana siku nzima juani ningekupeleka daraja la 50.

Safari zako fupi zinanisumbua zaidi kuliko hizo za Jumapili. Geji ya maji ikifika katikati, oili bado haijapata moto; huchelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa. Petroli isiyoungua inashuka kwenye oili na kuipunguza uzito, na isipopata moto wa kutosha haitoki. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, umenunua 40 lakini unaendesha na 30. Mwaga kila kilomita 4,000, usisubiri 10,000 iliyoandikwa kwenye dumu. Na Jumapili usiivute kabla ya kupita Igoma na kwenda mbele kidogo.

SWALI: Nitajuaje oili feki? Nimeshanunua dumu lenye nembo ile ile, rangi tofauti. (Msomaji, Buzuruga)

JIBU: Rangi si ushahidi, kiwanda chaweza kuibadilisha. Tazama kizibo: pete yake ya kukatika iwe nzima na isiwe na gundi, na foili ya ndani, kama chapa hiyo huiweka, iwe imeshika pande zote. Soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye dumu. Iliyochapwa kwenye karatasi peke yake inatia shaka. Nunua kwa anayekupa risiti yenye jina la duka, utakuwa na pa kurudi. Na dumu lako likiisha litoboe chini kwa msumari kabla ya kulitupa. Madumu mazima ndiyo yanayookotwa na kujazwa upya. Oili chafu iweke kwenye galoni, peleka gereji inayokusanya. Ukiimwaga mtaroni inaingia Mto Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani tunakochota maji.

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Imekaa bandani hapa Musoma, mita chache kutoka ziwani, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Betri mpya ninayo. Ndugu zangu wanataka tuiwashe Jumamosi. Niweke oili gani? (Mwana wa Mwisenge)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Baba yenu amewaachia kitu cha thamani. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Injini yake ni silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, na krenki imelala kwenye beringi kuu saba. Imejengwa kuvumilia. Ndiyo maana nakusihi Jumamosi msiiwashe.

Oili iliyokaa miaka yote hiyo imegeuka asidi, na asidi hushambulia risasi na shaba iliyo kwenye beringi. Juu yake hakuna oili iliyobaki kati ya krenki na beringi, imeshuka yote. Mkipiga stata, mizunguko ya kwanza ni chuma juu ya chuma, na unyevu wa ziwa umeshaleta kutu kwenye silinda. Toeni plagi zote sita. Tieni oili nyepesi kidogo katika kila tundu, iache usiku kucha. Kesho yake mzungushe krenki kwa spana, kwa mkono, taratibu. Ikigoma msiilazimishe. Ikizunguka, mwageni oili, shusheni sampu na mkwangue tope lililo chini, maana bomba la kunyonya linakaa hapo hapo. Sampu ikiwa chini, mfungue kifuniko kimoja cha konrodi mtazame beringi. Beringi ikiwa nzuri rudisheni kifuniko kilivyokuwa. Ikiwa imeliwa, fungueni vifuniko vyote.

Oili ya injini hii haichaguliwi kwa ajili ya beringi tu. Rocka zake, yaani mikono inayosukuma vali, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, hazina roda (vigurudumu vidogo), na msuguano huo unahitaji zinki na fosforasi. Oili mpya nyepesi za petroli zimepunguziwa viungo hivyo ili kulinda vichujio vya moshi, ambavyo Datsun yenu haina. Kwa hiyo anza na 15W-40 ya madini ya daraja la CI-4, ile inayowekwa kwenye malori, na filta mpya yenye vali ya kuzuia oili isirudi. Msianze na sinthetiki ghali. Oili hii ya kwanza ni ya kusafishia, mtaimwaga baada ya saa chache za kuunguruma.

Plagi zikiwa bado nje na koili imechomolewa, pigeni stata kwa vipindi vifupi, huku geji ya mkono imefungwa, mpaka sindano ipande. Isipopanda, simameni hapo. Ikipanda, rudisheni plagi, washeni, muiache ikiunguruma bila kuivuta mpaka ipate moto. Niandikie geji imesoma ngapi ikiwa ya baridi, na ngapi ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2,000. Kwa namba hizo mbili nitakuambia kama mbaki na 15W-40 au mpande mpaka 20W-50.